Shangazi, akili yangu haitulii hata kwenye sala

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, maeneo ya Ngamiani. Nina miaka 38, nina mume na watoto watatu. Nashona madera, magauni na sare za harusi, na namshukuru Mungu wateja ninao. Shida yangu ni akili. Haikai mahali pamoja.

Mwezi uliopita mteja aliniletea kitenge kizuri sana, anataka gauni la mama yake la kuvaa siku ya kuozesha. Nikapima, nikaandika vipimo kwenye daftari, nikatandaza kitambaa mezani, nikachora kwa chaki. Nilipokuja kushtuka, mkasi uko mkononi na mikono yote miwili ya gauni nimeikata ya upande wa kulia. Sikuwa nimesinzia, Shangazi. Nilikuwa nawaza. Na ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, ni vitu vya hapa na pale: ada ya mtoto wa kwanza, maneno aliyonitupia wifi yangu Idi iliyopita, gesi inakaribia kuisha, halafu narudi tena kwenye ada. Kitenge nimekilipa. Wiki iliyofuata sindano ya cherehani ikanipita kidole cha shahada. Nina miaka 18 kwenye kazi hii na jambo hilo halikuwahi kunipata tangu nilipomaliza kujifunza.

Usiku naamka saa nane, nakodolea macho chandarua mpaka adhana ya Alfajiri. Kinachoniuma zaidi ni sala. Nasimama kuswali Isha, ghafla sijui niko rakaa ya tatu au ya nne. Sijida ya kusahau sasa naileta karibu kila siku. Najiona kama mtu anayemsalimia mkubwa huku anaangalia pembeni.

Binti wa duka la jirani akaniambia ipo njia ya kutuliza kichwa, inaitwa meditesheni, akanifungulia video kwenye simu. Ya kwanza ilisema nikunje miguu, nifumbe macho, niondoe mawazo yote. Dakika tano tu miguu ikafa ganzi, na mawazo yakaja mengi kuliko nikiwa kazini. Kesho yake nikajaribu ya kukazia macho moto wa mshumaa. Kisha ya kurudia neno la Kihindi. Hiyo nikaingiwa na hofu, nikaizima. Kisha ya kusikiliza sauti ya mvua, kisha ya kulala chali na kusikiliza mwili. Kwa wiki mbili nimepita njia saba na sijaona tofauti. Rafiki yangu Mkristo anasema yeye rozari humtuliza. Mume wangu anasema kufumba macho na kuiacha akili tupu ni kumfungulia mlango shetani.

Afya yangu ni nzuri, presha nimepima iko sawa. Madeni hatuna makubwa, ukiacha mkopo wa kikoba ambao nusu yake alichukua dada yangu na mume wangu hajui, lakini huo nitaumaliza.

Naomba uniambie, kati ya njia hizi ipi ndiyo ya kweli? Na akili iliyozoea kutangatanga inaweza kutulia kwa umri wangu?

Ni mimi Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu Fundi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma kwa sababu ya jambo moja uliloliandika kwa haraka kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka. Nitalifikia. Kwanza tuzungumze kuhusu kitenge.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31. Usiku mmoja, wodi ya watoto, nilivuta dawa ya mtoto wa kitanda cha sita, nikaenda nayo hadi kitanda cha tisa. Nilikuwa nimekwishaushika mkono wa mtoto. Mama yake akaniuliza taratibu, "Dada, mbona huyu kachomwa sasa hivi?" Nikasimama pale na bomba la sindano mkononi, jasho likanitoka. Mume wangu alikuwa mgonjwa nyumbani, na mimi mwili wangu ulikuwa wodini lakini mwenyewe nilikuwa kando ya kitanda chake. Mtoto hakudhurika. Lakini kulipokucha sikwenda kulala, nilikwenda kwa mtawa mmoja mzee tuliyefanya kazi pamoja, nikamwambia sijiamini tena. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaa kimya. Kwa hiyo haya ninayokuandikia mengine nimeyasoma, lakini mengi nimeyaishi.

Video ile ya kwanza ilikupotosha kwa sentensi moja: ondoa mawazo yote. Hakuna binadamu awezaye hilo, na ukilazimisha mambo huwa mabaya zaidi. Mwaka 1987 mtaalamu wa saikolojia huko Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila dubu akiwajia wapige kengele. Walipiga zaidi ya mara moja kwa dakika. Baadaye walipoambiwa sasa wanaruhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa kabisa. Wewe ulikaa ukapambana na wazo la ada, nalo likarudi na ndugu zake. Si udhaifu wako, ndivyo kichwa kilivyoumbwa.

Wala hauko peke yako. Mwaka 2010 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa matokeo ya watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao, saa yoyote, unafanya nini sasa hivi na unawaza nini. Karibu nusu ya mara zote, asilimia 46.9, mtu alikuwa anafanya hili na kuwaza lile. Na walipokuwa wanawaza mengine furaha yao ilikuwa pungufu, hata kazi yenyewe ilipokuwa ya kawaida tu isiyo na raha yoyote. Zamani sana kabla ya simu, Budha aliifananisha akili na kima msituni, anaachia tawi hili anashika lile. Basi kima wako na wangu ni ukoo mmoja.

Sasa nikuulize, na nakuuliza kwa heshima kwa kuwa mimi ni Mkristo na sala yako sitakufundisha. Hiyo sijida ya kusahau unayoiona kuwa aibu yako ya kila siku, iliwekwa kwa ajili ya nani? Kama waumini wote wangesimama na akili zao zimetulia kama maji ya mtungi, ingekuwepo? Mimi nikiisoma barua yako naona dini yako ilijua tangu mwanzo kwamba mtu atapotea katikati ya sala, ikamwekea njia ya kurudi badala ya kumfukuza. Namna ya kupata khushui zaidi, yaani utulivu wa moyo ndani ya sala, kamwulize sheikh unayemwamini. Ila huko kujiona mnafiki kuache, maana kunakuongezea wazo jingine la kukuvuruga.

Na huko kurudi ndiko kunakofundishwa katika hizi njia zote ulizozipita mbiombio. Nitakueleza kwa kazi yako. Mshono ukienda kombo, unafanya nini? Unasimamisha cherehani, unachukua wembe, unafumua taratibu nyuzi zile chache, unarudi pale ulipopotea, unaendelea. Huchani gauni zima. Hukipigi kitambaa. Sasa ukiwa umekaa kimya, kila utakapogundua kwamba akili imetoka, hapo ulipogundua ndipo zoezi lilipo. Umepotea mara ishirini ukarudi mara ishirini? Umefanya mazoezi mara ishirini. Wewe ulikuwa ukihesabu mara ulizopotea, ndiyo maana ukaona njia saba zote hazifai.

Kwa hiyo swali lako la ipi ya kweli nalijibu hivi: zote ni za kweli, na hakuna itakayokusaidia ukikaa nayo siku mbili. Mtu anayechimba kisima mahali saba, kila mahali mikono miwili, maji hayaoni. Chagua moja ya kukaa nayo na nyingine ndogo ya usiku. Mimi nakushauri pumzi.

Wabudha wa Zen huko Japani huwaanzishia wanafunzi wapya kwa kuhesabu pumzi, na mimi mtawa wangu alinianzishia hapo hapo. Kabla hujafungua mlango wa mbele asubuhi, kaa kwenye kile kiti chako cha cherehani. Miguu usiikunje, iweke chini, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Mambo ya kukunja miguu waachie waliozoea tangu utotoni. Mgongo wima bila kuukaza, mikono mapajani. Macho yafumbe, au kama kufumba kunakutia hofu yatazame sakafu hatua moja mbele yako. Vuta hewa kwa pua kama unavyovuta siku zote. Ikitoka, hesabu kimoyomoyo moja. Ikitoka tena, mbili. Fika kumi, rudi moja. Usiirefushe pumzi kwa nguvu, usiifupishe, ifuate tu: ubaridi kidogo puani ikiingia, ujoto ikitoka, na tumbo kushuka.

Nakwambia mapema kitakachotokea. Kwenye nne utakuwa kwa wifi yako. Siku nyingine utazinduka unahesabu kumi na saba. Siku nyingine utafika kumi mara tatu mfululizo, ujisifu, na hapo hapo utapotea. Ukizinduka usijilaumu, sema ndani yako "nimerudi", anza tena moja. Dakika tano asubuhi na tano jioni kwa wiki ya kwanza, kisha kumi. Simu iwekee kengele uiache chumba kingine. Ukishaishika, utaanza kuona kitu ambacho mimi nilikiona baada ya mwezi hivi: kati ya wazo kuja na wewe kupanda juu yake kuna nafasi ndogo sana. Mwanzo huioni. Kisha unaiona. Maneno ya wifi yanafika mlangoni, unayaona ni maneno ya wifi, na safari hii humtembelei.

Pumzi ina faida nyingine ambayo muuguzi anaiona kwa macho. Mtu akivuta hewa moyo huongeza mwendo kidogo, akiitoa hupunguza, kwa kazi ya neva ndefu inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana mtu aliyeshtuka tunamwambia atoe pumzi polepole. Siku moyo unakwenda mbio kabla ya kikao au kabla ya mteja mkali, toa hewa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara sita au saba. Hilo si taamuli, yaani hiyo meditesheni unayoniuliza, ni huduma ya kwanza tu.

Sasa mume wako. Hofu yake usiidharau wala usiifiche, na usifanye haya mambo kwa kujificha. Mwambie kwa lugha yake: akili haiachwi tupu, inapewa kazi moja ndogo badala ya kazi hamsini. Kama pumzi tupu haimkai moyoni, basi fanya kwa neno, na neno lenyewe mnalo nyumbani. Watu wa twarika za Kiislamu wa pwani hii, Kadiria na Shadhilia, wamevuta uradi vizazi na vizazi, jina la Mungu likienda na pumzi. Tasbihi iko kwenye msala wako. Keti baada ya sala, shika punje moja, tamka taratibu kwa kadiri ya pumzi inavyotoka, punje ya pili, ya tatu. Si mashindano ya kumaliza tisini na tisa. Ukizinduka vidole vimefika mbali na moyo umebaki nyuma, simama kwenye punje hiyo, anza na hiyo.

Kuna habari nzuri kuhusu hili. Mwaka 2001 daktari Mwitaliano Luciano Bernardi na wenzake walichapisha kwenye jarida la madaktari la Uingereza utafiti wa watu 23 wazima wa afya. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, na wakirudia maneno ya watu wa yoga. Kote kuwili pumzi ilishuka hadi karibu sita kwa dakika, bila wao kuambiwa wapumue hivyo. Mtu mzima aliyekaa tu hupumua mara 12 hadi 20. Maneno yenyewe, urefu wake na kupokezana kwake, ndiyo yaliyoipunguza pumzi, na mapigo ya moyo yakaingia kwenye mpangilio mzuri. Tasbihi hawakuipima, lakini rafiki yako aliyekwambia rozari humtuliza hakudanganywa na hisia.

Lile neno la Kihindi lililokuogofya pia lisikukoseshe usingizi. Alikuwepo padre Mbenedikto aliyeitwa John Main. Miaka ya 1950, kabla hajawa mtawa, alifanya kazi Malaya, ambayo sasa ni sehemu ya Malaysia, akafundishwa taamuli na mtawa wa Kihindu. Mhindu huyo hakumpa neno la Kihindu. Alimwambia, wewe ni Mkristo, chukua neno la Kikristo. Baadaye John Main akalichukua neno Maranatha, maana yake njoo Bwana, akalifundisha hadi alipofariki mwaka 1982. Na daktari wa moyo wa Harvard, Herbert Benson, aliyeandika kuhusu mambo haya mwaka 1975 baada ya kuwapima watu waliokuwa wakirudia maneno hayo ya Kihindi, baadaye aliwashauri wagonjwa wake wachague neno au sala fupi ya imani yao wenyewe, kwa sababu mtu hushikamana na kile anachokiamini. Basi usihame nyumba kutafuta maji, kisima kiko uani.

Ile ya mshumaa ni ya watu wa yoga pia, wanaiita trataka, nayo ni nzuri kwa baadhi ya watu, ila wewe macho yako yanafanya kazi ya uzi siku nzima, yapumzishe. Ya sauti ya mvua si mbaya, basi tu haikufundishi kurudi, inakubembeleza. Ipo nyingine ya kuyapa mawazo majina yanapopita, "kupanga", "hofu", "kukumbuka", iliyoenezwa na mtawa wa Kibudha wa Burma, nchi ambayo sasa ni Myanmar, aliyeitwa Mahasi Sayadaw. Hiyo jaribu ukishakomaa kwenye pumzi.

Ya kulala chali na kusikiliza mwili nataka uitunze kwa ajili ya ile saa nane ya usiku unayoamka. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuifundisha kwenye hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho wao. Mafunzo hayo yalikuja kuwa ya wiki nane, na walikuja watu wa kila umri, kwa hiyo miaka 38 isikutishe. Ukiamka usiangalie saa, wala simu. Peleka akili kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto: kina joto? kinagusa shuka? Usikisogeze, kisikilize. Kisha vidole vingine, unyayo, kisigino, kifundo, muundi, goti. Hakuna haraka. Ukipotea kwenye goti, rudi kwenye goti. Mara nyingi hutafika kiunoni. Lakini kama unaona umekaa kama dakika ishirini na macho yako makavu, usipigane na kitanda. Toka, kaa kwenye mkeka sebuleni kwenye mwanga hafifu mpaka usingizi uje wenyewe, ndipo urudi. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhesabu madeni.

Na mchana? Usingoje kukaa. Tazama unapotunga uzi. Unakata ncha ya uzi, unailowesha kidogo, unaikaza kwa vidole viwili, unaisogeza kwenye tundu. Katika sekunde zile tatu wifi yako yuko wapi? Hayupo. Gesi haipo. Kuna ncha ya uzi na kuna tundu. Mwanangu, utulivu unaoutafuta kwenye simu ya jirani unaushika kwa vidole mara thelathini kwa siku na hujawahi kuutambua. Basi kuanzia kesho kila kutunga uzi kuwe ni kengele yako: maliza kutunga, acha mkono juu ya gurudumu, pumua pumzi moja kamili, ndipo ukanyage. Na kabla ya mkasi kugusa kitambaa cha mtu, weka mkasi chini, laza viganja vyote viwili juu ya kitambaa, taja kwa sauti: mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mimi baada ya usiku ule wa kitanda cha tisa nilitaja jina la mgonjwa kwa sauti kila mara kabla ya kuchoma, hadi siku niliyostaafu. Wauguzi wadogo waliniona mzee wa mazoea. Sikukosea tena.

Sasa lile la chini ya mkeka. Habari za kitenge umeniandikia aya nzima. Mkopo wa kikoba umeuandikia mstari mmoja, ukaufunga na "huo nitaumaliza". Lakini soma tena mawazo uliyonitajia: ada, wifi, gesi, halafu "narudi tena kwenye ada". Nina shaka kubwa kwamba ile nusu aliyoichukua dada yako ndiyo ingekuwa ada, na kwamba kila kikao kikikaribia wewe ndiye unayetoa marejesho ya watu wawili kwa pesa ya kushona, huku ukimficha mtu unayelala naye chandarua kimoja. Kama nimekosea nisamehe.

Kuna kutangatanga kwa namna mbili, mwanangu. Kuna kwa kima, anayeruka tawi lolote, na huyo pumzi inamtuliza. Na kuna kwa mbuzi aliyefungwa kigingini. Ukimtazama kwa mbali utadhani anazurura, kumbe anazunguka kigingi kile kile, na kamba inazidi kumfupikia. Kwa huyo taamuli itakusaidia kukiona kigingi vizuri, lakini haitaking'oa. Nimewaona watu waliokaa na kupumua miaka miwili kuzunguka jambo lililohitaji mazungumzo ya nusu saa, na sitaki uwe mmoja wao.

Chukua karatasi mchana kweupe, si usiku. Andika mkopo ulikuwa kiasi gani, dada alichukua kiasi gani na tarehe ngapi, umerejesha kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Usipambe. Kisha nenda kwa dada yako na karatasi hiyo, uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu, mkubaliane atatoa nini kila mwezi hata kama ni kidogo. Kisha mwambie mume wako, na umwambie wewe kabla hajasikia kwa mwanakikundi. Kabla ya kila moja ya safari hizo mbili kaa dakika tano na pumzi zako. Sikuahidi kwamba atafurahi. Lakini deni analolijua ni deni la nyumba, na deni asilolijua ni siri, na siri ndiyo inayokuamsha saa nane.

Neno la kiuuguzi kabla sijaweka kalamu. Ukifumba macho ukaletewa picha za kutisha za jambo lililokupata zamani, au kifua kikakubana, fumbua, simama, gusa ukuta, taja vitu vitano unavyoviona, na siku hiyo usiendelee. Na kama zitapita wiki mbili hulali, chakula hakina ladha, kazi unayoipenda imekuwa mzigo, au unawaza afadhali usingekuwepo, hiyo si akili kutangatanga. Nenda hospitali ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Ukiwaza kujidhuru usingoje hizo wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo na mtu unayemwamini. Presha kuwa sawa haitoshi.

Anza Jumamosi hii, kabla hujafungua duka. Pumzi kwa wiki nane bila kuhamia njia nyingine. Karatasi ya mkopo isipite Jumapili. Wiki nane zikiisha niandikie, na kabla hujaniambia umefika hesabu ya ngapi, niambie dada yako alisema nini.

Wako,
Shangazi